Tupeane uzoefu: nani mwingine anarudi nyuma ili apate siti?

Habari zenu wakuu. Nakaa Baruti, kazi Posta. Mwendokasi, haya mabasi ya Dar yenye njia yake, ilivyoanza 2016 nilikuwa napandia hapo hapo kwetu, kuna siku hadi nachagua dirishani. Siku hizi basi likifika lishajaa tangu Kimara, mlango ukifunguka unakutana na migongo tu, yanapita matatu manne hivyo hivyo, kwa hiyo kila asubuhi natoa buku ya boda kurudi Kimara nikagombanie huko. Yaani kwenda mjini naanza kwa kuupa mji mgongo 😂

Halafu nasikia watu wanadai zile njia za zege za mwendokasi ziongezwe. Mi nasema mabasi kwanza, zege halibebi mtu. Nyie mnapandaje?

— Mbagala hapa. Una hela ya boda wewe, sisi tunapita dirishani. Kuna siku nilirusha begi ndani ya daladala la Kariakoo liniwekee siti, nikapambana mlangoni mpaka kifungo cha shati kikaachia, kufika namkuta bi mkubwa kakaa, begi langu kalipakata, "mwanangu nilikuwa nakushikia." Nikampa shikamoo yake nikaning'inia bomba mpaka Kariakoo.

— Mleta mada unaongea hivyo kwa sababu kwako zege lishafika. Mi natoka Chanika, foleni peke yake inanimaliza. Nijazwe kama dagaa sawa tu, ila basi liwe na njia yake.

— Hiyo njia yenyewe mvua ikinyesha Jangwani panajaa maji panafungwa, hata muongeze mabasi mia yatapita wapi? Tuongelee treni. Ile ya Mwakyembe ya 2012, alivyokuwa waziri wa uchukuzi, Ubungo Maziwa mpaka Stesheni, mi nilikuwa mteja wake, nyomi ilikuwepo ila foleni haikuhusu.

— Nyie mnagombania siti, sie wanafunzi tulikuwa tunagombania ruhusa. Konda anahesabu sare, wawili tu, wengine subirini. Nikaanza kuvaa sweta la dada juu ya sare, nalipa ya mtu mzima, naitwa "sista karibu, sogea nyuma kuna nafasi." Nafasi yenyewe mguu mmoja.

— Mleta mada tena. Wa begi umeniua 😂 wa Chanika nimekuelewa. Hapa naandika nimekaa, tumesimama Baruti, mlango umefunguka hajaingia hata mmoja. Jirani yangu yupo nje pale ananiangalia, nimejifanya nipo bize na simu.