Barua ya alotimenti: niing'oe mierebi yangu ndani ya siku 28?

Mama wa Reading, Jumapili usiku

Wanajumuiya, habari za jioni. Juzi nimepokea barua kutoka ofisi ya alotimenti, yaani vishamba vya kukodi, ya kaunsili yetu. Wanasema ploti yangu ina miti isiyoruhusiwa, nina siku 28 kuing'oa, la sivyo mkataba unavunjwa. Miti yenyewe ni mierebi sita, ile ya fito za kusukia vikapu, si ile mikubwa inayoinamia mto. Niliiotesha mwenyewe Februari ya mwaka juzi kwa vijiti alivyonigawia jirani wa ploti ya pili.

Nauliza mambo mawili tu. Nikiikata hadi chini nikaacha visiki, itahesabika nimeitoa? Na rufaa inajazwa kwenye fomu gani? Barua haisemi. Nimepiga simu mara nne, mara zote nimesikilizishwa muziki hadi laini ikakatika.

Mpanda Mihogo, Leeds

Pole sana dada. Hawa watu wa ofisi usiwape nafasi. Mimi nilipandikiza mierebi nyuma ya nyumba ili kuziba upepo unaoua maharage yangu. Nilikata pingili kama za muhogo, nikazilaza mshazari, nikachovya dawa ya mizizi. Kumi na mbili nilipanda, zikashika tisa. Kaunsili hawajaniambia neno. Ila mimi nina nyumba yangu, sijui wewe.

Mzee wa Tanga, Cardiff

Mwanangu wa Leeds, umepoteza tatu bure. Mwerebi si muhogo. Muhogo unaulaza, mwerebi unausimamisha wima, macho yakitazama juu. Ukigeuza kijiti kichwa chini kitahangaika. Kata wakati mti umelala, majani yakishapukutika hadi Machi. Fito la mwaka mmoja, nene kama penseli, urefu wa futi moja, theluthi mbili zizame udongoni. Dawa ya nini? Mwerebi una chembe za mizizi zimejificha ndani ya ganda lake tangu uko mtini. Tia kijiti kwenye glasi ya maji uone: baada ya siku kumi hivi vinavimba vidoa vyeupe kando ya ganda, halafu vinapasuka vinatoa nyuzi kama za chipukizi za choroko. Wazungu wa zamani maji hayo ndiyo waliyomwagia miche mingine ishike mizizi.

Neno mierebi limo kwenye Walawi, tulifundishwa shule ya Jumapili. Na Zaburi 137, wale waliochukuliwa mateka wakatundika vinubi vyao mitini kule Babeli, Waingereza kwao miti hiyo ni mierebi. Ndiyo maana Linnaeus mwaka 1753 akauita huu unaoinama *Salix babylonica*, wakati asili yake ni China. Kila nikipita penye mto hapa naikumbuka zaburi ile. Miaka 31 sasa.

Dada wa Luton

Shikamoo mzee. Mama wa Reading, omba TPO haraka, ile amri ya kulinda mti! Mti wenye TPO hauguswi, hata mwenye nyumba anashtakiwa.

Bin Pemba, London Mashariki

Dada wa Luton, TPO haiombwi kama pasi. Anayeitoa ni kaunsili ile ile inayotaka miti iondoke, na inatolewa kwa mti wenye maana kwa watu wote, si kwa fito za miaka miwili. Tusimpotoshe mwenzetu.

Jambo la msingi ni sheria ya alotimenti ya 1922. Ploti ni ya kulima mboga na matunda ya kula nyumbani, yote au sehemu kubwa. Fito za vikapu haziliwi. Na mzee wa Leeds, wewe uliyepanda nyuma ya nyumba, bima yako inajua? Kampuni za bima hapa zinataka mwerebi mkubwa uwe mita 40 kutoka ukutani kwa sababu unanyonya maji ya udongo wa mfinyanzi hadi nyumba inapasuka. Binamu yangu aliuza nyumba kwa hasara kwa ajili ya mti wa jirani.

Mpanda Mihogo, Leeds

Mimi si mzee, nina miaka 38. Na mierebi yangu naikata kila mwaka, haifiki hata urefu wa uzio.

Kaka wa Kilifi, Milton Keynes

Jamani, mnaona hii habari ilivyo ya kwetu? Pwani, mwenye shamba alimruhusu mtu alime muhogo na mtama, lakini mnazi, mwembe, mkorosho, hapana. Kwa nini? Kwa sababu mti unakaa. Ukipanda mti umedai. Babu yangu alilima ardhi ya watu maisha yake yote na hakuachiwa kupanda hata mnazi mmoja. Leo mama wetu yuko Reading anaambiwa lile lile: lima bamia, usipande mti.

Dada wa Luton

Na ukirudi Tanzania ukiwa na pasi ya Uingereza, Sheria ya Ardhi ya 1999 inakuita mgeni. Wakenya wana uraia pacha tangu katiba ya 2010. Sisi tunaambiwa hadhi maalumu, si uraia. Tupande wapi?

Bin Pemba, London Mashariki

Tusiingize hadhi maalumu hapa, tulishagombana Desemba. Na kama kuna anayefikiria kubeba pingili kwenye begi, asithubutu. Bila kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mimea zitaishia uwanja wa ndege, iwe kwa wakaguzi wa mimea wa Tanzania, TPHPA, au wa Kenya, KEPHIS. Hata hivyo mwerebi upo kwetu, *Salix subserrata*, unaota kando ya mito ya bara.

Mama wa Reading, Alhamisi

Asanteni wote, shikamoo mzee. Mkaguzi anakuja kesho saa nne. Bibi yangu alisuka ukili wa ukindu barazani hadi macho yakamshinda. Mimi vidole vyangu havikujua kitu hadi nilipoloweka fito zangu mwenyewe kwenye beseni la kuogea wiki nzima, zikawa laini. Kikapu cha kwanza kimepinda upande mmoja, nakiwekea vitunguu.

Leo jioni nimekata vijiti 30, nimeviweka ndoo ya maji kwenye kibaraza, macho juu. Anayetaka aje Jumamosi, ila vinasubiri udongo, visikae sana.

Kuhusu fomu ya rufaa, kuna anayeijua?