Tupeane uzoefu: wiki zile za mwanzo za kunyonyesha, kichwani palikuwaje?

MamaKulwa: Jana nimeenda Buhongwa kumuona mdogo wangu, kajifungua kwa kisu. Nimemkuta ananyonyesha huku machozi yanamtoka, sebule imejaa watu, kila anayeingia ni mtoto ananyonya? mtoto anapata choo? na hakuna hata mmoja wa kumuuliza yeye kama amelala. Wanawake wenzangu mwageni yenu, sio ya chuchu kuchubuka hayo tunayajua, nasema ya kichwani. Na kama kuna aliyewahi kupimwa hiyo hali aseme walimpimaje, maana mtoto anawekwa kwenye mzani, mama je?

Wa_Igoma: Mimi nilikuwa naogopa jua likianza kuzama. Basi.

MkeWaMvuvi: Umenitonesha kidonda. Mume wangu anavua dagaa, mnajua mambo ya visiwani, giza yuko ziwani, mbalamwezi ndio anarudi. Mtoto wa kwanza alikuwa hashiki titi, analia usiku kucha, uzito hauongezeki. Mama mkwe akapiga hesabu zake, mwanangu alikuja mbalamwezi, basi huyu mmembemenda, yaani mmelala pamoja wakati bado ananyonya ndio maana hakui! Akaniambia kamua tuone. Nikakamulia kwenye kikombe cha plastiki, akakiinua dirishani, yako mepesi kama maji ya mchele, akawaita majirani nao wakaangalia wanasikitika tu. Nilianza kuyachukia maziwa yangu mwenyewe, mtoto akilia naona ananishtaki. Usiku mmoja nikamlaza nikatoka mpaka mwaloni, ukingoni mwa ziwa, na sikuwa naenda kuoga. Mama mmoja anayeanika dagaa pale akaniona, hakuuliza kitu, akanishika mkono tukakaa mpaka kukapambazuka, asubuhi akanipeleka kituo cha afya.

Nyakato_1: Mungu wangu. Huyo mama mkwe yuko wapi sasa hivi???

Kaka_Pasiansi: Poleni, ila bibi zetu walizaa kumi na hayo mastresi hawakuwa nayo.

Nyakato_1: @Kaka_Pasiansi bibi zetu walikuwa na watu wa kuwachotea maji na kuwakorogea uji. Wewe umekoroga lini?

Kaka_Pasiansi: Mimi nilileta supu ya sato kila siku.

Nyakato_1: Supu hainyonyeshi.

Bibi_Harusi84: Jamani kubemenda kupo, msidharau mila.

NesiZamuZaUsiku: Hapo mtoto hakushika titi, acheni kumtwisha mama. Na maziwa ya mwanzo mtoto anapoanza kunyonya huwa mepesi, mazito yanakuja mwishoni, kwa hiyo kile kikombe hakikuonyesha kitu. @MamaKulwa vipimo vipo. Kuna kile cha Edinburgh, cha tangu 1987, maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, umeweza kucheka, umejilaumu bure, umekosa usingizi kwa huzuni, kila jibu pointi 0 mpaka 3. Ukifika 13 mara nyingi tunataka uonwe zaidi, haina maana tayari una sonona. Ila swali la 10 ni la kutaka kujidhuru, hilo ukijibu ndiyo hata kama jumla ni ndogo huondoki hivi hivi. Kingine kina maswali 14, kinapima kujiamini kwenye kunyonyesha kwenyewe, kinaanzia 14 mpaka 70. Ni vitu viwili tofauti, kuna mama anajiamini kunyonyesha na moyoni amekwisha.

Wa_Igoma: Mimi niliulizwa hayo maswali wifi kakaa pembeni. Nikajibu niko poa yote.

NesiZamuZaUsiku: Ndio maana aliyekusindikiza anatakiwa asubiri nje. Halafu huku kwetu mama hasemi ana huzuni, anasema kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio. Anayeuliza asipojua hilo ataandika sifuri.

Dada_Sengerema: Mimi maziwa yakianza kushuka tu napata uchungu wa ghafla kama nimefiwa, dakika chache umeisha. Nilidhani nimelogwa.

NesiZamuZaUsiku: Hujalogwa, inajulikana, inahusishwa na kushuka kwa dopamini, kemikali ya ubongo, pale maziwa yanapoachiliwa. Ila huzuni ya kutwa nzima ikipita wiki mbili tangu ujifungue usiilee, nenda ukaonwe. Na aliyefika pa @MkeWaMvuvi asisubiri wiki, aende siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake.

Bibi_Harusi84: Uji wa ulezi na pilipili manga, maziwa yatajaa.

Dada_Sengerema: Ulezi unatibu mawazo siku hizi? Fungeni mlango, wageni waje mtoto akianza kutembea.

MamaKulwa: Ukifunga mlango wanasema unaringa. Me naona mtu mmoja abaki, afue nepi, asitoe maoni.

Nyakato_1: @MkeWaMvuvi rudi bwana, mama mkwe ikawaje?

MkeWaMvuvi: Nipo, nilikuwa jikoni. Mtoto sasa yuko darasa la pili, ana mbio huyo. Mama mkwe mzima, anakuja Jumapili, nipeni ushauri nimpikie nini.

Kaka_Pasiansi: Furu. Wale wenye miiba.

Nyakato_1: Leo ndio umeongea.