Flashi inasema imemaliza kukopi, nikitaka kuichomoa inagoma. Ni draiva?

kijana_wa_ubuntu:
Wakuu, heshima kwenu. Nikikopi video ya GB 4 kwenda kwenye flashi, mstari unafika 100% upesi sana. Nikibonyeza kuitoa, naambiwa data bado inaandikwa, na nasubiri weee. Draiva, yaani programu inayoendesha flashi, inanidanganya? Na yenyewe inajuaje kilichobaki?

mama_seva:
Mdogo wangu, draiva haina kosa. Hiyo asilimia ni ya programu ya kukopi, na yenyewe huhesabu imemaliza mara data inapoingia kwenye RAM. Linux huisukuma kwenye flashi baadaye. Fungua terminal uone:

`watch "grep -E 'Dirty|Writeback:' /proc/meminfo"`

Dirty ni data inayosubiri zamu, Writeback ni ile inayoandikwa sasa hivi. Andika `sync`, inayolazimisha data yote iandikwe, usichomoe mpaka amri hiyo imalize. Nakuomba sana, faili nyingi za watu zimeharibikia hapo.

fundi_kerneli:
Nijibu la pili. Kila amri inayotumwa kwenye kifaa hupewa tagi, yaani namba yake. Kwenye flashi nyingi za USB amri huondoka ndani ya pakiti ya baiti 31. Data ikishapita, flashi hurudisha pakiti ya baiti 13 yenye tagi ileile, pamoja na hesabu ya baiti ambazo hazikupita. Draiva ikiona tagi zimelingana na hakuna kosa, inaiambia kerneli, yaani kiini cha Linux, ombi hilo limekwisha. Jibu lisiporudi, kwa kawaida ndani ya sekunde 30, kerneli huanza kuikatisha amri, na malalamiko utayakuta kwenye `dmesg`, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli.

Flashi za namna hii hupokea amri moja moja. Diski ya SATA hubeba hadi 32 kwa mpigo, ndiyo maana tagi ni muhimu: majibu yanaweza kurudi bila kufuata mpangilio.

kijana_wa_ubuntu:
Nimeelewa, mkuu. Nimeangalia `/proc/diskstats`, faili la takwimu za diski, sekta (vipande vya data) zilizoandikwa zinapanda polepole. Nizidishe kwa ngapi nipate baiti?

fundi_kerneli:
Kwa 512, hata kama diski yenyewe ina sekta za 4096.

mama_seva:
Ukitaka asilimia ikaribie ukweli, punguza data inayoruhusiwa kusubiri kwenye RAM:

`sudo sysctl vm.dirty_bytes=50000000`

Ila inagusa diski zote, kwa hiyo kwenye seva yenye kazi nzito mimi siiweki.

kijana_wa_ubuntu:
Hii ni laptop tu, naiweka sasa hivi. Asanteni sana.