Ushauri wa afya ya akili kwa simu: tuupanue hivi ulivyo, au tuurekebishe kwanza?

MKALIMANI, NAKIVALE

Ndugu zangu, kila kikao cha afya ninachohudhuria siku hizi kinarudia neno lile lile: madaktari wa akili ni wachache, simu zimeenea, basi tuwatibu watu kwa simu. Uchache huo ni kweli. Kwa sensa ya 2024 Uganda ina watu zaidi ya milioni 45, na madaktari bingwa wa akili hawafiki hata mia moja, wengi wao wako Kampala. Hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili ni moja tu, Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955.

Lakini naomba niwaeleze nilichokiona. Kazi yangu hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi, ni kuwatafsiria Wakongomani wenzangu mbele ya wahudumu wa afya. Siku moja nilikaa na mama aliyepangiwa kuongea na mshauri aliyeko mjini. Kwao mtandao unashika mahali pamoja tu, chini ya mwembe ulio kando ya bomba la maji. Simu ilikuwa kitochi cha kuazima, na kwa kuwa spika ya sikioni imekufa, sauti ikafunguliwa wote tusikie. Mshauri akauliza, "Usiku unapata usingizi?" Mama akatazama foleni ya madumu ya njano, akaona jirani yake amegeuza shingo. Akajibu, "Nalala vizuri, daktari. Asante." Asubuhi ile ile alikuwa ameniambia hajafumba jicho juma zima. Nilitafsiri alichosema, maana ndiyo kazi yangu, na kwenye fomu ikaandikwa kuwa anaendelea vizuri. Roho iliniuma mpaka usiku.

Kwa hiyo msimamo wangu: tusiongeze simu hata moja kabla ya kujua mgonjwa ataongelea wapi, kwa lugha ipi, na simu ya nani. Hizo programu za kuongea na mshauri kwa video ndizo zinanitisha zaidi. Tangu Julai 2021 bando la intaneti lina kodi ya asilimia 12, na Januari ya mwaka huo huo, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mgonjwa anayetegemea programu angemwita nani siku zile?

MUUGUZI, ARUA

Mkalimani, pole kwa ulichokiona. Ila nakukatalia. Kutoka huku hadi Butabika ni karibu kilomita 500. Mtu anaruhusiwa kutoka wodini, anapewa dawa za mwezi, anapanda basi, na hapo ndipo tunampoteza. Nauli ya kurudi hana, dawa zikiisha anakaa tu, na tunamwona tena siku analetwa amefungwa kamba. Mimi nawapigia wagonjwa wangu kwa vocha yangu mwenyewe. Dakika tatu: umemeza dawa? Mikono inatetemeka? Sindano yako ni Jumatano, usisahau. Machi 2020 usafiri wa umma uliposimamishwa, hizo dakika tatu ndizo zilizobaki.

Na hiyo faragha unayoililia, kliniki ipo? Kwetu wagonjwa wanakaa kwenye benchi nje ya mlango ambao kila mtu anaujua ni wa akili. Kuna kijana aliniambia anaona afadhali apigiwe simu akiwa shambani kuliko kuonwa na shangazi yake pale. Ukisema tusiongeze hata simu moja, unamrudisha kwenye benchi.

MKALIMANI, NAKIVALE

Dada muuguzi, la benchi umenishinda, na neno "hata simu moja" nalifuta. Simu yako ya dakika tatu iongezwe, tena vocha ilipwe na serikali, si mshahara wako. Wewe unampigia mtu uliyemshika mkono wodini. Yule mama hakuwahi kumwona mshauri wake, na siku ya kwanza ndiyo alitakiwa amfungulie moyo mbele ya foleni ya maji. Kuonana kwanza uso kwa uso, hata mara moja tu kwenye kituo cha afya, kisha simu ifuate: hapo tunaelewana?

Kuna jambo umenifumbua macho bila kujua. Hapa kambini mkalimani ni jirani. Nikitafsiri siri ya mtu leo, kesho tunakutana naye kanisani. Kwa simu ningeweza kumtafsiria mtu wa Kyangwali, kambi nyingine ya wakimbizi, asiyenijua wala nisiyemjua, naye akapata mkalimani wa huko kwa watu wangu. Na iwe sauti ya kawaida, namba isiyokata vocha, na swali la kwanza la mshauri liwe, "Uko wapi, na nani yuko karibu nawe?" Akijibu kuna watu, apangiwe saa nyingine.

Limebaki moja ambalo silioni mwisho wake. Kanuni ya Adhabu ya Uganda inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mtu akiniambia usiku, kupitia simu ambayo laini yake imesajiliwa kwa jina lake, kwamba jana alijaribu, mshauri anaandika nini kwenye faili, na faili hilo linakaa kwa nani? Nimeuliza kikaoni mara mbili, wakahamia ajenda nyingine. Mwanasheria aliyemo humu atujibu kabla namba hiyo haijatangazwa redioni.