Ondiri, Kikuyu: twende vipi, na tusaidie nini?

Mama Zuri, Uthiru
Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa gredi ya sita amefundishwa kuhusu ardhioevu, sasa hanipi amani mpaka aone Mto Nairobi unakotoka. Nimeambiwa ni Ondiri, ardhioevu iliyoko Kikuyu. Je, ni salama kwa watoto? Na mtu wa kipato cha kawaida anaweza kusaidia vipi?

Mwana wa Kikuyu
Karibu sana dada. Panda matatu namba 105, ushukie Kikuyu mjini uulizie njia. Ondiri ni mojawapo ya vyanzo: kijito cha Nyongara hutoka hapo kikaenda kuingia Mto Nairobi.

Kuhusu usalama, mshike kijana mkono. Ataona uwanja wa kijani kama malisho na atataka kukimbilia. Hiyo si nchi kavu. Ni matete na majani yaliyosukana yakaelea juu ya maji, na ukikanyaga panatikisika mpaka kando. Sisi tuliokulia hapa tulikatazwa kabla hatujajua kusoma. Kaeni ukingoni, asubuhi na mapema, mkitazama korongo taji. Ndege huyo yuko hatarini kutoweka duniani, na kumwona karibu hivi na jiji ni bahati ambayo watu wa Nairobi hawaithamini.

Msaada? Wengi huja siku moja, wanapanda mche, wanapiga picha, basi. Mche hufa kiangazi. Mimi naomba urudi kuumwagilia. Uwe mwanzi au mti wa asili. Mkalitusi hapana, unafyonza maji mno. Tena Ondiri inaumizwa na mambo yanayofanyika maeneo yanayoizunguka: pampu za umwagiliaji, maji taka, ujenzi. Kaunti ya Kiambu ikiita wananchi watoe maoni, mimi huenda, hata kama kikao kinachosha. Ukiona mtaro wa maji taka unaelekezwa huko, ripoti.

Jirani wa Makumbusho
Naongezea: Nature Kenya, shirika la uhifadhi wa mazingira, wana matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, tangu 1971, wakianzia Makumbusho ya Taifa. Wazoefu watamfundisha kijana kutumia darubini.

Mama Zuri, Uthiru
Asanteni mno. Jumatano yuko shule, lakini Agosti wanafunga.

Mwana wa Kikuyu
Agosti mje na masweta, Kikuyu ni baridi kweli. Kama mnaweza kungoja, likizo ya Desemba ndege wahamiaji wa Ulaya huwa wameshafika. Na miche iliyopandwa mvua za vuli itakuwa inahitaji mtu wa kuipalilia.