MREJESHO: GPU iliyokuwa inakula umeme bila kazi, monita mbili

Wakuu habari za jioni, mimi yule wa Ujiji, Kigoma, niliyeuliza kwa nini kadi yangu ya grafiki (GPU, ile inayotoa picha kwenye kompyuta) inakula wati 38 wakati sijafungua chochote, nimewasha monita mbili tu, moja Hz 144 nyingine Hz 60 (yaani mara ngapi skrini inachora picha upya kwa sekunde). Asanteni sana kwa kweli.

Nilianza na kusasisha dreva (programu inayoendesha kadi), haikubadilisha kitu. Nikaja kwenye ushauri wa kushusha ile ya Hz 144 hadi Hz 120, mara mbili kamili ya 60, hapo ndipo mambo yakakaa sawa. Nilikuwa naangalia spidi ya memori ya kadi, mwanzo imeganda juu kabisa haishuki, nilivyobonyeza 120 skrini ikapepesa mara moja, ikashuka, wati zikawa 13 na feni zikanyamaza kabisa, nikasikia hadi mvua nje. Mdau mmoja alieleza vizuri kwamba monita zikipishana mpigo, yaani Hz zake zisipoendana, memori haipati upenyo wa kubadili spidi bila picha kuruka, kwa hiyo inabaki juu muda wote. Nawasha masaa kumi kwa siku, hapo naokoa kama robo uniti ya umeme wa LUKU kila siku.

Ila nikichomeka na TV iwe ya tatu inarudi wati 30 na kitu, nimejaribu kila Hz imegoma. TV nimeihamishia kwenye tundu la HDMI la madabodi (bodi kuu ya kompyuta) badala ya la kadi, maana prosesa yangu ina grafiki ya ndani, kadi ikatulia tena. Gemu TV ile haiwezi, ila mpira naangalia freshi.