Kuomba kurudi nyumbani baada ya msimu mmoja tu: Horne-Francis alikosea wapi?

Wakuu, kwa sisi wachache tunaofuatilia mpira wa Australia, ule wa mpira wenye umbo la yai na watu 18 kila upande, kuna kesi moja bado inanikera.

Jason Horne-Francis ni kijana wa Australia Kusini, mzaliwa wa Juni 2004. Novemba 2021, akiwa na miaka 17, North Melbourne walimchukua namba moja kwenye drafti. Kwa mgeni wa mambo haya: drafti ni mgao wa vijana. Timu iliyoshika mkia inachagua kwanza, na kijana haulizwi anataka kwenda wapi. Akafungasha, akahamia Melbourne, kilomita zaidi ya 700 kutoka kwao. Msimu wa 2022 akacheza mechi 17 katika timu iliyoshinda mara mbili tu mwaka mzima, na kocha David Noble akaondoka msimu haujaisha. Dogo akaomba kurudi Adelaide, klabu ya huko, Port Adelaide, wakamchukua. Walipokutana tena, mashabiki wa North walimzomea kila alipogusa mpira.

Mimi nasema hakukosea. Mtu hakuchagua kwenda, kwa nini kuondoka kwake kuitwe usaliti?

*

Mleta mada, umeruka kitu kimoja: mkataba. Vijana wa drafti walikuwa wanaanza na miaka miwili, na yeye alitimiza nusu. Drafti ipo tangu 1986 ili timu dhaifu nazo zipate vipaji. Sasa kama kipaji cha kwanza nchini kinakaa miezi kumi na kuaga, dhaifu atainuka lini? Huwezi kumlaumu shabiki aliyekuwa amevumilia vipigo miaka yote akisubiri mtu kama huyo.

Halafu tusimfanye mtoto sana. Kabla ya drafti alikuwa tayari anacheza na watu wazima pale South Adelaide, klabu ya ligi ya jimbo lake.

*

Kucheza na watu wazima Jumamosi halafu kurudi kula kwa mama ni habari nyingine kabisa, mkuu.

Ila mnamsahau Tom Boyd. Namba moja wa 2013, GWS (Greater Western Sydney, timu ya Sydney) walimchukua kutoka Melbourne, akakaa msimu mmoja akaomba kurudi. Western Bulldogs, timu ya Melbourne, wakampa mkataba wa miaka saba, pesa ambayo watu waliipigia kelele mno. Mwaka 2016 akafunga magoli matatu kwenye fainali na Bulldogs wakabeba kombe lao la kwanza tangu 1954. Ghafla hakuna aliyekumbuka mkataba! Mwaka 2019 akastaafu na miaka 23, baada ya kusema wazi kwamba alikuwa anaugua sonona. Kwa hiyo tunapopima hawa vijana kwa makombe, tunapima kitu gani hasa?

*

Naongezea. Drafti hiyohiyo ya 2021, Nick Daicos wa Melbourne alikwenda Collingwood, klabu ya hapohapo Melbourne. Kwa nini? Baba yake, Peter, aliwahi kuichezea Collingwood, na sheria inaipa klabu haki ya kumchukua mtoto wa mchezaji wake aliyefikisha mechi 100. Mwaka wa kwanza akatwaa tuzo ya chipukizi bora. Simnyimi sifa, dogo ni moto. Lakini mmoja anapewa nyumbani kwa urithi, mwingine akiomba nyumbani anazomewa.

*

Mnanichekesha nyinyi. Hapohapo Port Adelaide yuko Aliir Aliir, mzaliwa wa Kakuma, kambi ya wakimbizi huku kwetu Kenya, wazazi wake wa Sudan Kusini. Alifika Australia akiwa mtoto, akaanza ligi na Sydney, akahamia Port, na 2021 akaingia kikosi bora cha mwaka cha Australia nzima. Huyo alivuka nini? Halafu mnaniambia kilomita 700 na ndege ya saa moja na nusu.

*

Mleta mada tena. Ndugu yangu wa Kenya, Aliir namheshimu kuliko wote hawa, ila mfano wako haukai. Aliir alipofika Australia hakusafirishwa peke yake na klabu. Na alipoondoka Sydney alikuwa na miaka 26, mtu mzima anayejua anachokitaka. Shida ya mmoja haifuti ya mwingine.

Kuhusu timu dhaifu kuumia: North hawakutoka mikono mitupu. Mabadilishano yale yaliwapa nafasi mbili za juu kwenye drafti ya 2022, wakamchukua Harry Sheezel na George Wardlaw. Sheezel 2023 alitwaa tuzo ya chipukizi bora, na mwaka huohuo akawa mchezaji bora wa klabu. Wote wawili, Sheezel na Wardlaw, ni vijana wa Melbourne.

*

Hapo kwa Sheezel nimekuelewa, mkuu. Mkataba bado sijakusamehe.